Mgonjwa Na. 9

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa kwanza unauliza jina, kisha unasema usiliandike.
Basi nimeandika: Na. 9, mwanamke, miaka ishirini na sita,
amejifungua siku kumi na mbili zilizopita,
moyo umetanuka, mapafu yamejaa maji.
Jina lake ni Zawena. Nimelificha hapa, nje ya fomu.

Mama yake, Bi Siwema, fundi cherehani wa Mbagala Kizuiani,
aliketi nami kwenye benchi la korido, Upanga, ghorofa ya tatu,
nikamsomea ridhaa neno kwa neno
mpaka nikafika penye mashine, nikakwama.
Darasani tuliiita kwa herufi zake tu.
Kwa Kiswahili gani nimwambie mzazi
kwamba damu ya mwanawe itatoka paja hili kwa mrija,
izunguke chumbani, ipewe hewa,
irudi kwa paja lile?

"Ni moyo na mapafu ya kuazima," nikasema.
Akanitazama juu ya miwani.
"Nguo ya kuazima, mwanangu, unajua haisitiri nini."
Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.
"Hatumpeleki nayo harusini, mama.
Ni mpaka yake ikauke kambani."
Hapo akaomba kalamu.

Inatoka rangi ya zambarau, inarudi rangi ya rosela.
Sikuandika hivyo.
Niliandika asilimia hamsini na nane,
na kando yake, tisini na tisa.

Saa nane na dakika kumi usiku, umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likanyamaza.
Betri ya pampu,
ile iliyokaa bandarini miezi mitano ikingoja mhuri,
ikalia mlio mmoja mrefu, ikazima.
Fundi Kisamo hakusema kitu.
Akachomoa mkono wa chuma ubavuni mwa mashine
akaanza kuzungusha.

Alikuwa na hofu, na hofu ina haraka.
Namba zikapanda, mrija ukaanza kutetema
kama mjusi aliyekanyagwa mkia,
na nje, kwenye kioo, mtu akagonga.

Bi Siwema. Tochi ya simu kidevuni.
Mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka hewani,
polepole, sawasawa,
kama anayepita kwenye pindo la hariri ya mteja mkorofi.
Nikaisoma midomo yake:
Usiikimbize. Uzi utakatika.

Kisamo akaufuata mkono ule.
Mrija ukatulia.

Dakika thelathini na saba.
Tulipokezana: Kisamo, mimi, Dokta Nyangoma,
na mlinzi wa zamu, aliyeacha kirungu chake mlangoni
na kunawa mpaka viwikoni bila kuambiwa.
Wote tulitazama kioo, si namba.

Asubuhi nilirudi kwenye fomu.
Ukurasa wa tisa unataka joto, mkojo, kasi ya pampu kila saa.
Walioutunga, huko waliko,
hawakuweka kisanduku cha umeme.
Ukurasa wa mwisho una visanduku vitatu:
amepona, amefariki, haijulikani.
Hujazwa siku ya ishirini na nane. Leo ni ya sita.
Wanane waliotangulia nawajua kwa hesabu:
watatu, watano, hakuna.
Siidharau hesabu hiyo. Ndiyo itakayosema
kama mashine ya pili ije, au hii nayo irudi kwenye sanduku lake.

Lakini penye "Mengineyo", mstari mmoja, sentimita saba,
nikabananisha herufi:
Saa nane usiku, kasi ya pampu ilirekebishwa na fundi cherehani.

Msimamizi ameurudisha ukurasa leo.
Ameuzungushia mstari wino mwekundu,
na pembeni ameuliza:
Hiki ni kifaa gani? Tunacho kimoja tu?